Habari za Magadi, toka Misri hata Jikoni Mwetu

Wasomaji wetu, mkiingia katika soko lo lote la bara, liwe la Arusha au la Kakamega, mtaona kwenye meza ya mwuza viungo, kando ya vitunguu na dagaa, mafungu madogo ya mawe ya kijivu, mengine yana wekundu kidogo kama nyama ya samaki. Hayo ndiyo magadi. Vuka barabara uingie dukani, utaona paketi ndogo ya unga mweupe kama chumvi iliyosagwa, ambao watu huuita magadi soda, nao hutiwa katika mandazi na keki. Wengi hudhani vitu hivi viwili havijuani: kimoja ni cha bibi zetu, na kingine kimekuja kwa meli pamoja na sahani za kaure. Sivyo. Ni ndugu wa tumbo moja, na habari zao ni ndefu kuliko habari za falme nyingi. Tumeona vema kuziandika, maana twavitumia kila siku pasipo kujua vilikotoka, na katika kutojua huko mna hasara, kama tutakavyoonyesha mbele.

Kwanza tutenge majina. Magadi ya ziwani ni mchanganyiko wa chumvi mbili za soda, ile kali iitwayo kaboneti na ile pole iitwayo bikaboneti, zimeshikamana na maji zikawa jiwe. Pamoja nazo huwamo chumvi ya kawaida, udongo, na vitu vingine ambavyo jicho haliwezi kuviona. Unga wa paketi ni ile bikaboneti peke yake, imesafishwa kiwandani. Ukiuchoma unga huo katika moto, hutoa mvuke na hewa ya ukaa, hupungua uzito zaidi ya theluthi, ukageuka kuwa ile chumvi kali ambayo mafundi wa sabuni na vioo huitafuta. Basi chumvi kali na chumvi pole hutengwa na moto tu.

Watu wa kwanza tunaowajua kwa hakika kuwa walitumia magadi kwa wingi ni Wamisri wa kale. Upande wa magharibi wa mdomo wa Nile liko bonde liitwalo Wadi Natrun, lenye maziwa madogo ambayo hukauka kwa jua na kuacha ganda jeupe. Ganda hilo walilichota kwa maelfu ya miaka. Walifulia nguo, walisafishia nyumba, walitengenezea vigae vya rangi ya buluu. Na makuhani wao walisafisha vinywa kwa magadi kabla ya kuingia katika ibada. Lakini kazi iliyowapa sifa duniani ni ile ya kuhifadhi maiti. Mwili ulipokwisha kutolewa matumbo ulifunikwa magadi makavu muda wa siku kama 40, nayo yakanyonya maji yote hata nyama isipate kuoza. Ndipo ukapakwa mafuta na kuvikwa sanda, kazi nzima ikatimia siku 70. Mwaka wa 1907, miaka 15 kabla ya kaburi la mfalme Tutankhamun kufunguliwa, wachimbaji waliona karibu yake shimo lenye mitungi, na ndani ya mitungi vifuko vya kitani vilivyojaa magadi. Hayo yalikuwa mabaki ya kazi ya kumzika mfalme yule, nao hawakuyatambua mpaka miaka mingi baadaye.

Jina la Kiyunani la kitu hiki lilikuwa nitron, na kutoka hapo wanakemia wakafanya neno natrium. Ndiyo sababu hata leo mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiambiwa aandike alama ya sodiamu huandika Na, akashangaa herufi hizo zimetoka wapi. Zimetoka jangwani Misri.

Waebrania nao waliyajua. Katika Kitabu cha Mithali, sura ya 25, yatajwa siki juu ya magadi kuwa mfano wa vitu visivyopatana. Mwandishi yule bila shaka alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe jinsi siki iguswapo na magadi inavyochemka na kutoa povu bila moto. Povu lile ni hewa ya ukaa ikikimbia, na ni povu lile lile linaloinua andazi. Basi jambo ambalo wapishi wa Amerika walijisifu kulivumbua lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka zaidi ya elfu mbili nyuma, ila hakuna aliyefikiri kulitia katika unga.

Mwandishi wa Kirumi Plinio, aliyekufa mwaka wa 79, alisimulia kuwa wafanya biashara fulani walitua pwani ya Foinike, jahazi lao likiwa na shehena ya magadi. Walipotaka kupika hawakupata mawe ya kufanya mafiga, basi wakateleka chungu juu ya mapande ya magadi. Moto ukayayeyusha pamoja na mchanga, kikatiririka kioo. Wataalamu hawaisadiki hadithi hii, kwa kuwa moto wa kupikia haufikii joto la kuyeyusha mchanga namna hiyo. Walakini msingi wake ni kweli: kioo cha Kirumi kilitengenezwa kwa mchanga na magadi ya Misri, na desturi hiyo ilidumu mpaka karne ya 9, ndipo mafundi wakageukia majivu ya mimea.

Majivu hayo ndiyo yaliyoilisha Ulaya karne nyingi. Hispania walichoma mimea ya pwani yenye chumvi. Uskochi walichoma mwani. Watu wa Buluhya, nchi ya Kenya, wanafanya kazi ya jamaa moja na hiyo wanapochoma maganda na mabua ya maharagwe, wakayachuja majivu kwa maji, wakapata maji makali ya kulainishia mboga. Twasema jamaa moja, si ile ile, kwa maana majivu ya mimea ya bara yana potasi kuliko soda.

Hata karne ya 18 ikiishia, Ufaransa ilihitaji soda nyingi kwa sabuni, vioo na nguo, wala majivu hayakutosha. Chuo cha Elimu cha Paris kikaahidi tuzo kwa mtu atakayeweza kutengeneza soda kwa chumvi ya bahari. Aliyeweza ni tabibu aliyeitwa Nicolas Leblanc, aliyekuwa katika utumishi wa Mtawala wa Orléans. Alitia asidi ya salfuriki katika chumvi, kisha kile kilichopatikana akakichoma pamoja na mawe ya chokaa na makaa ya mawe, akatoa soda. Mwaka wa 1791 akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake, akajenga kiwanda huko Saint-Denis. Lakini hiyo ndiyo miaka ya Mapinduzi. Mwaka wa 1793 bwana wake alikatwa kichwa, kiwanda kikatwaliwa na serikali, siri ya kazi yake ikatangazwa kwa watu wote, na ile tuzo hakuipata. Napoleon alimrudishia kiwanda baadaye, lakini kitupu, naye Leblanc hakuwa na mtaji wa kukifufua. Mwaka wa 1806 akajiua. Sisi hatujui katika historia ya ufundi mtu mwingine aliyewapa wenzake faida kubwa hivyo akafa maskini hivyo. Maana baada yake Uingereza na Ufaransa zilijaa viwanda vya namna yake, na sabuni ikawa kitu cha kila nyumba.

Viwanda vile vilikuwa adhabu kwa majirani. Vilitoa moshi wa asidi uliounguza miti na mashamba na vifua vya watu, na kando yake vilima vya takataka zenye uvundo wa mayai viza. Ndiyo maana Bunge la Uingereza mwaka wa 1863 lilitunga sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda kuzuia sehemu 95 katika 100 za moshi ule. Katika miaka hiyo hiyo Mbelgiji Ernest Solvay alipata njia iliyo safi zaidi, kwa maji ya chumvi, amonia na mawe ya chokaa. Mwaka wa 1873 John Brunner na Ludwig Mond wakaileta Uingereza. Twaomba msomaji akumbuke jina la Brunner na Mond, maana atakutana nalo tena karibu na kwetu. Tena akumbuke kwamba katika njia ya Solvay kitu kinachotangulia kutoka ni bikaboneti, yaani ule unga wa mandazi, na wa vioo hupatikana kwa kuuchoma.

Sasa turudi jikoni. Wanawake wa Amerika walikuwa wakiinua mikate kwa potasi iliyosafishwa kutoka katika majivu ya kuni. Biashara hiyo ilikuwa kubwa hata hati ya kwanza kabisa ya uvumbuzi iliyotolewa na serikali ya Marekani, mwaka wa 1790, ikatiwa sahihi na George Washington mwenyewe, ilikuwa ya Samuel Hopkins juu ya kutengeneza potasi. Bikaboneti ilipatikana Ujerumani mwaka wa 1801 kwa mkono wa Valentin Rose. Mwaka wa 1843 Alfred Bird, mwuza dawa wa Birmingham, alichanganya bikaboneti na asidi kavu, kwa sababu mkewe alidhurika na chachu na yeye alitaka ale mkate kama watu wengine. Ndiyo asili ya ile poda ya kuumulia keki. Na mwaka wa 1846 John Dwight na tabibu Austin Church walianza New York kusafisha bikaboneti na kuitia katika mifuko ya karatasi, kazi ikianzia jikoni kwa Dwight. Kampuni iliyotokana nao ndiyo mwaka wa 1972 iliyowashauri akina mama wa Marekani waweke kasha la unga huo ndani ya friji ili kuondoa harufu. Tena mafundi waliotengeneza ile sanamu kubwa ya Uhuru huko New York, kazi iliyokwisha mwaka wa 1986, waliupuliza unga huo kwa nguvu ndani ya sanamu ili kubandua lami ya zamani bila kuikwaruza shaba.

Tumefika kwenye matumizi, na hapa tutakaa kidogo.

Maharagwe huwa magumu kwa sababu ya gundi iliyo katikati ya chembe zake. Maji yenye magadi huiyeyusha gundi hiyo upesi, kuni zikaokoka. Ndiyo maana bibi zetu walitia kijiwe katika makande na kiburu, na katika mlenda, na katika majani ya kunde ambayo kwa magadi hubaki kijani kibichi. Lakini magadi huharibu vitamini, hasa ile ya kwanza katika kundi la B. Na yakizidi huharibu hata chakula chenyewe. Sisi tulipokuwa wanafunzi wa bweni, mpishi wetu alikuwa na haraka siku ya Jumamosi, akatia magadi kwa ukarimu kuliko ilivyompasa. Jioni tuliletewa uji wa rangi ya kahawia wenye ladha ya sabuni, tukaambiwa ni maharagwe. Tulikula, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Kosa la mandazi ni jamaa ya kosa hilo. Bikaboneti hutaka kitu kichachu cha kupambana nacho, kama maziwa mgando au maji ya ndimu. Ikikosa, sehemu yake hugeuka kuwa ile chumvi kali, andazi likawa na madoa ya manjano na uchungu.

Sufuria iliyounguliwa na wali, itie maji na vijiko viwili vya unga huu, uchemshe, uiache ipoe. Ukoko utabanduka bila kukwaruza. Harufu ya jasho katika viatu huondoka, kwa maana harufu nyingi ni asidi na magadi huzigeuza zikawa chumvi isiyonuka. Watu wengine hujipaka makwapani kwa sababu hiyo hiyo, nao hupata faida, ila wenye ngozi laini huwashwa. Pete ya fedha iliyokuwa nyeusi, ilaze juu ya karatasi ya alumini katika maji ya moto yenye bikaboneti. Utasikia harufu ya yai bovu, na weusi utaiacha pete na kwenda kwenye alumini. Hapo hakuna uchawi, ni salfa imehama.

Mafuta yakishika moto katika kikaango, usimwage maji kabisa, maana yatatapanya moto mpaka darini. Zima jiko, kisha mwagia bikaboneti tele juu ya moto kama ungali mdogo. Joto litatoa hewa ya ukaa na kuufunika. Kwa kazi hiyo unga wa ngano haufai, nao waweza kuwaka.

Wenye kiungulia hunywa nusu ya kijiko cha chai katika maji, na povu likatuliza asidi ya tumboni. Inafaa mara moja moja kwa mtu mzima mwenye afya. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asiinywe pasipo kumwuliza daktari, wala mtoto asipewe, wala mtu aliyeshiba mno asijaribu. Wamekuwapo watu ambao tumbo limepasuka kwa wingi wa hewa. Na hayo yote twayasema juu ya unga wa paketi wa chakula. Jiwe la magadi halimo katika maneno haya.

Jiwe hilo la kwetu latoka wapi? Mengi hutoka katika Bonde la Ufa. Volkano za bonde hilo zina soda nyingi, na Ol Doinyo Lengai, mlima wa Tanzania, ndio pekee duniani unaojulikana kuwa hutapika hata leo ujiuji wa moto wa namna ya magadi, mweusi unapotoka na mweupe baada ya mvua. Katika Kenya, kwenye mita kama 600 juu ya bahari, liko ziwa Magadi. Halina mto wa kudumu unaoliingia. Chemchemi za maji ya moto huleta soda, jua hunywa maji, na ganda linalobaki lina unene wa makumi ya mita mahali pengine. Ndani ya Ngorongoro pia mna ziwa la jina hilo, ama Makat kwa Kimaasai.

Wamaasai walikuwa wakipeleka mifugo huko kulamba chumvi tangu zamani. Kwa mkataba wa mwaka wa 1904, na wa pili wa mwaka wa 1911, waliondolewa katika nchi zao za kaskazini wakasukumwa upande wa kusini. Na mwaka huo huo wa 1911 ikaundwa London kampuni ya Magadi Soda ili kuchimba ziwa lililo katika upande huo wa kusini. Mwaka wa 1913 baadhi yao walipeleka mahakamani shauri juu ya kuhamishwa kwao, likatupwa. Reli ya kilomita 146 ilijengwa kutoka stesheni ya Konza, ikafika ziwani mwaka wa 1915, vita ikiwa imekwisha kuzuka. Kampuni ya kwanza haikufanikiwa, na mwaka wa 1924 wakaingia Brunner na Mond, wale wale wa njia ya Solvay. Waliokuwa wakitengeneza magadi kwa ufundi wakapata mahali ambapo jua huyatengeneza bila mshahara. Kufikia mwaka wa 2006 kazi ilikuwa mikononi mwa Tata Chemicals ya Bara Hindi. Katika ziwa Natron, upande wa Tanzania, kampuni hiyo hiyo ilikusudia kujenga kiwanda, lakini watu wengi walipinga, kwa kuwa sehemu kubwa ya heroe wadogo wa dunia huzaliana hapo tu. Shauri likasimama, na serikali ikageuza macho kuelekea bonde la Engaruka.

Na sasa ile hasara tuliyoitaja mwanzoni. Volkano zinazotoa soda hutoa pia floridi. Kidogo chake hulinda meno. Kikizidi, mtoto ambaye meno yake yangali yakifanyika ndani ya ufizi huota meno yenye madoa ya kahawia, yenye vishimo, na ikizidi sana hata mifupa hupinda. Shirika la Afya la Dunia limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Arusha na Kilimanjaro huupita. Huko Ngurdoto, karibu na Arusha, kiko kituo kinachochunguza njia za kuyasafisha maji hayo, mojawapo ikiwa kuyapitisha katika mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Lakini wachunguzi wa meno wa kaskazini mwa Tanzania waliona jambo la ajabu: viko vijiji ambavyo maji yake ni mema, na bado watoto wana madoa. Walipofuatia chakula wakakuta magadi. Magadi ya mahali pamoja yana floridi kidogo, ya mahali pengine yana nyingi mno, wala kwa macho huwezi kuyatenga. Na kuchemsha hakuiondoi.

Sisi waalimu tumewaona watoto hao. Mtoto mwenye akili, anayejua jibu, husimama na kulisema nyuma ya kiganja. Wenzake husema hapigi mswaki, na yamkini hata mwalimu amepata kumwambia hivyo mbele ya darasa, hali mtoto hana kosa lo lote, wala mama yake, aliyemlainishia chakula kama alivyofundishwa na mama yake mwenyewe.

Maharagwe yakilazwa majini usiku kucha, na maji yale yakamwagwa asubuhi, huiva kwa kuni kidogo pasipo kijiwe. Kwa mboga, mwenye kutaka kijani chake aweza kutia chembe ya unga wa paketi, maana huo umesafishwa. Tulimwambia hivyo mama mmoja mwuza viungo, baada ya kununua kwake fungu moja. Akacheka, akasema maharagwe bila magadi ni ya wagonjwa. Tukamwuliza haya yake yametoka ziwa gani. Akaelekeza mkono upande wa magharibi, akasema huletwa na vijana kwa pikipiki, katika magunia, nao hajawauliza.